Kopo la Shingoni Lilipotiwa Kufuli

"Kufuli humzuia mwana, mgeni huja na nyundo."

Mpishi aliyasema maneno hayo akipita na sufuria ya uji, wala hakusimama kuyaeleza. Vijana wanaowaongoza wageni milimani walikuwa wakibishana tangu asubuhi. Walikuwa wameombwa waandae mchezo wa kutafuta kwa simu: unaficha kopo mahali, unaweka alama ya mahali hapo mtandaoni, na wageni wanapanda kulisaka. Akiliona, mtu anaandika jina lake kwenye kidaftari, anachukua kitu kidogo na kuacha kingine. Anande alikuwa ameshanunua kufuli. Kiure hakulitaka.

"Wapita njia watabeba kila kitu," alisema Anande.

"Na mwenye kulitafuta atafunguaje? Kwa meno?"

Bibi Eliwaza alikuwa kizingitini mwa jiko, ungo wa maharage mapajani, akitoa mawe. Walipomgeukia na kumuuliza kufuli na mwana vinahusiana nini, hakuinua macho.

"Kaeni," alisema. "Na hilo kufuli liweke chini, Anande, unalichezesha masikioni mwangu. Msemo huo una mwanzo wake, na mwanzo wenyewe ni mwanamke mmoja wa huku huku Irondo, aliyeitwa Nakiete."

Wakakaa. Naye akasimulia hivi.

Wakati huo barabara ya magari ilikuwa bado haijazunguka mlima. Aliyetaka kushuka tambarare alipita Shingoni, pale vilele viwili vinapoachana kidogo na kuacha njia ya mtu mmoja. Ukungu ukishuka Shingoni, huoni kiganja chako. Watu walipotea pale. Wengine waliokotwa baada ya siku mbili wakiwa hai, wengine hawakuokotwa.

Ndipo wazee wakaweka desturi ya kopo. Lilikuwa kopo kubwa la bati lililowahi kuwa la biskuti, wakalisetiri chini ya mawe bapa lisinyeshewe. Ndani waliweka daftari na penseli iliyofungwa kwa uzi. Kila anayepita aandike jina lake na anakokwenda. Asiyejua kuandika achore alama yake, jembe au mkungu wa ndizi, watu walijuana. Usipofika ulikokwenda, wa kukutafuta wataanzia hapo. Humo mlikuwa pia na chumvi, kiberiti, sindano, wakati mwingine viazi vya kuchoma. Sheria ilikuwa moja: ukichukua, acha. Kufuli halikuwepo. Lingekuwepo la nini? Aliyepotea kwenye ukungu hatembei na ufunguo wa mtu.

Nakiete alikuwa mke wa Zefania. Alizaa watoto watatu, akabakiwa na mmoja, binti, Niendiwe. Binti huyo alipofika miaka kumi na tisa alipata mimba, na mwenye mimba hakujitokeza. Zefania hakupiga kelele. Alisimama mlangoni akasema kwa sauti ya kawaida, kana kwamba anataja siku ya kupanda maharage, "Mguu wako usivuke Shingoni kuja huku, maadamu mimi ni hai."

Niendiwe alichukua khanga mbili akashuka. Nakiete alibaki uani ameshika ufagio. Hilo ndilo lililokuja kumtafuna baadaye kuliko yote, kwamba hakuutupa ule ufagio akamfuata mwanawe.

Miezi ikapita. Kila alipokwenda soko la chini, Nakiete alisimama Shingoni, akafunua daftari, akalitazama. Hakujua kusoma. Akimwona mtu anakuja, alimwomba: "Hebu niangalizie, jina la mwanangu limo?" Wengine waliangalia kwa moyo, wengine walipitisha macho tu wakasema halimo. Alichoka kuazima macho ya watu. Kisomo cha watu wazima kilipoanza pale Irondo, akaingia. Jioni akishaosha vyombo alijifunga khanga, akaenda kukaa kwenye benchi na wenzake mbele ya taa ya chemli, akikokota a, e, i, o, u. Wenzake walitaka kusoma Biblia, au kusoma mizani wasipunjwe. Yeye alitaka kusoma daftari la Shingoni.

Alijifunza miezi minne. Siku moja ya ukungu mwepesi alifungua kopo, akaweka kidole chini ya mstari wa mwisho, akaanza kuvuta silabi. Mstari mmoja tu, lakini kiazi kingeweza kuiva motoni akiwa bado anausoma.

*Mama. Nimejifungua. Wa kike. Nimempa jina lako. Nie.*

Alikaa chini palepale kwenye majani mabichi. Kisha akaishika penseli kama anavyoshika mchi, akaandika kwa herufi kubwa kubwa: MWANANGU NIMESOMA MIMI MWENYEWE. MAMA.

Tangu hapo waliongea. Hawakukutana, maana Niendiwe hakuwa na siku maalumu. Alipanda alipopata nafasi, mtoto mgongoni, akafika Shingoni na kugeuka bila kuvuka, kama baba yake alivyosema. Nakiete naye alipanda alipopata kisingizio cha kuni. Daftari ndilo lililokutana nao wote wawili.

*Uko wapi?* aliandika mama.

*Kwenye mkonge. Kambi sitaji. Baba akijua atakuja kunifukuzisha. Usinitafute.*

*Mtoto ana meno mangapi?*

*Mawili ya chini. Anauma huyo, mama! Kama wewe.*

Nakiete alicheka peke yake kwenye ukungu. Alikuwa akiacha kifuko cha unga wa ndizi, na akirudi alikuta kifuko hakipo, mahali pake pana kikuku kidogo cha kusuka kwa nyuzi za mkonge. Ukichukua, acha. Alivivaa vikuku hivyo juu ya kiwiko, ndani ya mkono wa gauni, Zefania asivione.

Mwanzo wa masika alikuta ukurasa mzima. Mtoto alikuwa anasimama, anashikashika kuta. *Akishatembea nitapanda naye, umwone. Nitakuandikia siku hapa hapa. Uje peke yako.* Basi kuanzia siku hiyo Nakiete hakuwa na jambo lingine duniani. Alipalilia, alipika, aliitika alipoitwa, lakini moyo wake wote ulikuwa ndani ya kopo la bati, unangoja tarehe.

Ndipo wakaja wageni. Walikuwa wachimbaji wa vito, wanaume saba wa kutoka mbali. Walisikia kwamba kwenye mabonde ya Shingoni kuna mawe mekundu, wakapiga kambi upande wa chini, mwendo mfupi tu kutoka kwenye kopo. Hawakumgusa mtu. Ila chumvi ya kopo ilianza kwisha bila kurudishwa. Kiberiti kikaisha. Halafu siku moja Nakiete akafungua daftari, akakuta kurasa za nyuma zimechanwa. Zilikuwa kurasa tupu, zenye maandishi zilikuwa salama. Leo wamechana tupu, kesho je?

Angeweza kuwaambia wazee. Lakini wazee wangeuliza kwa nini anahangaika hivyo na daftari, na Zefania alikuwa mmoja wao. Akalibeba kopo kwenye kikapu, akalifunika na majani ya mgomba, akalipeleka kwa Mshana, mhunzi.

Mshana alikuwa mtu wa maneno. Alilipindua kopo mikononi, akamtazama.

"Mama Niendiwe, tangu lini chumvi ya njiani ikatiwa kufuli? Au mmeanza kuweka dhahabu bila kutuambia sisi tulio na njaa?"

"Nitobolee tu, shemeji. Masikio mawili, hapa na hapa. Na unipe mnyororo wa kuzungushia jiwe."

"Wakubwa wanajua?"

"Ni siku chache. Wachimbaji wakiondoka nalitoa."

Mshana akaweka kopo juu ya fuawe, lakini hakuchukua nyundo. "Na mwenye haja na kopo, akija akikuta limefungwa?"

"Watu wa huku mvua hii hawapiti. Anayepita ni mmoja." Nakiete akaona amesema mengi. "Ufunguo nitauficha anapopajua yeye. Ataelewa."

"Kufuli halina macho, mama. Halijui yupi ni yupi."

"Wewe toboa, Mshana. Mdomo wako unafua kuliko mikono yako."

Akatoboa.

Alipolirudisha Shingoni, Nakiete alilizungushia mnyororo, akabana kufuli, akalivuta mara tatu. Likakaa imara. Alijisikia vizuri, kama mama aliyemfunika mtoto akalala. Kisha akaenda kwenye ufa wa mwamba, hatua ishirini hivi kutoka pale. Niendiwe alipokuwa mdogo, wakishuka sokoni, alikuwa akivua kandambili zake akazisokomeza kwenye ufa ule, ashuke peku zisichakae, azichukue wakirudi. Nakiete akasokomeza ufunguo humo humo. Hakuandika popote kwamba ufunguo uko wapi. Angeandikaje? Macho ya mwanawe yangesoma, na ya mgeni yangesoma vilevile. Alitegemea kandambili za mtoto wa miaka saba.

Mvua ikanyesha siku nne, mfululizo, hakuna aliyetoka. Siku ya tano asubuhi mbingu zikaachia. Nakiete akachukua kamba ya kuni, akapanda karibu kukimbia.

Kopo lilikuwa limelala ubavu, limebonyea. Yale masikio mawili yaling'oka na vipande vya bati. Kufuli lenyewe lilikuwa zima, bado limejibana kwenye mnyororo, halilindi kitu. Penseli ilikuwa matopeni na uzi wake. Daftari halikuwepo.

Akaufuata moshi mpaka kambini. Wachimbaji wengine walikuwa wameshuka shimoni. Alimkuta mmoja tu, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, anapuliza moto uliokataa kuwaka. Alipomwona mwanamke amesimama na kopo lililobonyea mkononi, alisimama akavua kofia.

"Daftari liko wapi?" Nakiete aliuliza.

Mtu yule akatazama moto.

"Kuni zilikuwa zimelowa, mama," alisema. "Kwa mvua hii tusingepika. Tuliwashia."

"Lote?"

"Lote. Nisamehe. Hatukujua ni la mtu."

"Mlikuwa mnalijua kopo. Mlikuwa mnachukua chumvi yangu. Kwa nini hamkulivunja siku zote hizo, mkalivunja sasa?"

"Kulivunja kwa nini? Lilikuwa wazi!" Mtu yule alisema kwa mshangao wa kweli, kama anayeulizwa kwa nini hali mawe. "Tulilijua ni kopo la chumvi. Vijana walipokuja juzi wakasema limefungwa mnyororo, wote tukasimama. Tukasema, basi leo wenyeji wameokota jiwe jekundu wakalificha humo. Nani anafunga chumvi kwa mnyororo, mama? Tukachukua nyundo."

Nakiete alikuwa ameona kitu mkononi mwa yule mtu, kipande cha karatasi ya kaki, ile ya mfuko wa sukari, na maandishi meusi ya mkaa.

"Na hiyo?"

"Hii ilikuwa juu ya daftari, imekunjwa. Ilipenyezwa kwa mfuniko, nadhani, pale bati lilipoachia kidogo." Alimpa upesi, kwa mikono miwili. "Chukua, kama ni yako."

Nakiete akaikunjua. Safari hii hakuhitaji kidole. Maandishi ya Niendiwe alikuwa anayajua kama uso wake.

*Mama nimekuta kufuli. Tulisubiri mpaka mvua ikatushinda. Mtoto ametembea hatua sita hapa kwenye majani. Kama kufuli ni la baba nimeelewa. Kama ni lako nimeelewa pia. Tunahama kesho. Ukitaka kumwona njoo*

Hapo karatasi ilikwisha. Ilikuwa imechanwa kwa unyoofu, kama inavyochanwa na mtu anayejua anachokifanya.

"Ilikuwa ndefu," alisema Nakiete. "Nusu nyingine iko wapi?"

Mtu yule alishika kofia yake kwa mikono yote miwili.

"Nimesokota tumbaku."

"Ilikuwa na maandishi?"

"Kidogo. Mstari mmoja, au miwili."

"Yalisemaje?"

"Mama," alisema yule mgeni, na sauti yake ilikuwa chini sana, "mimi sijui kusoma."

Kwenye ufa wa mwamba ufunguo ulikuwa palepale alipousokomeza. Ulikuwa umeanza kushika kutu.

Nakiete hakurudi nyumbani siku hiyo. Alishuka na kamba yake ya kuni na khanga moja mpaka kwenye mkonge. Alizunguka kambi mbili, hakuna aliyemjua binti huyo. Kwenye ya tatu, mwanamke aliyekuwa anapepeta mtama akamtazama usoni kwa muda.

"Wewe ndiye bibi yake Nakiete mdogo," alisema. "Mmefanana kipaji cha uso. Umechelewa, mama. Mwenzetu alirudi siku moja kutoka mlimani, amelowa yeye na mtoto, hakula. Kesho yake wakapanda lori."

"Lori la wapi?"

"Nilimuuliza. Akasema, anayetaka kujua nimeshamwandikia."

Alitafuta mwezi mzima. Aliuliza kwenye vituo vya malori, kwenye makambi mengine, kwa wauza maji. Wenye jina la Niendiwe hawakuwa wachache wa kuhesabika, na wenye watoto wa kike wanaoanza kutembea ni wengi kama majani. Viatu vyake vilipokwisha alirudi.

Zefania alikuwa mlangoni. Watu walikuwa wameshamwambia, mlima haufichi habari. Alikuwa amekonda. Alimpisha mkewe aingie, akamtilia maji ya kunawa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu waoane. Kisha akauliza, akitazama mikono yake mwenyewe:

"Huyo mtoto anaitwa nani?"

"Anaitwa Nakiete."

Zefania akatoka nje, akakaa nyuma ya banda la mbuzi mpaka jua likazama. Amri yake alikuwa ameifuta, lakini hakukuwa na wa kumpelekea habari hiyo.

Kijiji kilikutana kuhusu kopo. Wazee walikasirika, na walikuwa na haki. Siku zile za mvua mtu angepotea, angeandika wapi? Lakini walipomwona Nakiete alivyokuwa, hawakuweza kumtoza chochote. Wakaanza kuulizana watafanya nini ili wageni wasilivunje tena. Mshana akasimama. Nadhani alikuwa na jeraha lake pia, maana mkono uliotoboa ulikuwa wake.

"Nitafua sanduku la chuma," alisema. "Unene wa kidole. Na kufuli nitalifua mwenyewe, la ndani kwa ndani. Nyundo ya mtu yeyote itadunda."

Watu wakaitikia kwamba hayo ndiyo maneno. Nakiete alikuwa ameketi upande wa wanawake, na tangu arudi hakuwa amesema neno mbele za watu. Akasimama. Hakupandisha sauti.

"Shemeji, lile langu lilivunjwa na wageni," alisema, "na likamrudisha mtu mmoja. Waliolivunja hawakuwa na haja nalo. Aliyerudi hakuwa na pengine pa kwenda. Mkifua la chuma, mtamzuia nani? Mwanangu hakuja na nyundo. Alikuja na mtoto mgongoni, akaona kufuli, akaheshimu. Kufuli humzuia mwana, mgeni huja na nyundo."

Wakainuka mmoja mmoja.

Kopo likanyooshwa ubavu, likarudishwa Shingoni chini ya mawe yake, wazi, na daftari jipya. Wachimbaji waliendelea kuchukua chumvi mpaka walipohama. Daftari hawakuligusa tena, yule mwenye ndevu za mvi aliwakataza. Kwenye ukurasa wa kwanza Nakiete aliandika, kwa herufi ambazo sasa zilikuwa ndogo na nyoofu: *Nie, kufuli lilikuwa langu. Nililiweka kwa ajili yako, si juu yako. Baba amekubali. Vuka.* Daftari lilipojaa, aliyanakili maneno hayo kwenye ukurasa wa kwanza wa lingine. Lilipojaa hilo, akayanakili tena. Majina ya wapita njia yalikuja chini yake, na michoro ya majembe na mikungu ya ndizi. Mimi mwenyewe nimeandika jina langu chini ya maneno hayo, nikiwa msichana, kwenye daftari la tisa.

Bibi Eliwaza akatikisa ungo. Maharage yalikuwa yamekwisha kuchambuliwa kitambo, lakini aliendelea kuyapitisha vidole.

"Bibi," alisema Kiure, "akarudi?"

"Angerudi, mwanangu, tungekuwa na methali nyingine. Tuliyo nayo ni hii: kufuli humzuia mwana, mgeni huja na nyundo."